Bodi ya shule: "Hao tumewachagua waende wapi?"

Mkutano wa wazazi uliitwa saa tatu asubuhi, ukaanza saa tano. Mwalimu mkuu akasoma matokeo ya mtihani, mhasibu akaeleza salio la karo, mgeni wa heshima akahutubu hadi watoto waliobebwa mgongoni wakalala. Ilipofika saa nane na nusu, wengi wakiwa wameshaondoka kuwahi matatu, sauti ikatoka kwenye kipaza sauti: "Sasa tupitishe wawakilishi." Majina yakasomwa, makofi yakapigwa, sala ya kufunga ikaombwa. Mama aliyeketi kando yangu akaniinamia, akauliza, "Hao tumewachagua waende wapi?"

Siku hiyo sikuweza kumjibu. Baadaye nimegundua kwamba hatukuwa sisi wawili tu tusiojua. Kila Januari shule za umma nchini Kenya zinapofunguliwa, malalamiko ya michango mipya huanza, na lawama huzunguka kama mpira: wazazi huilaumu bodi, bodi husema wazazi walipitisha wenyewe, mwalimu mkuu husema fedha za serikali hazijafika. Kwingine waumini hufunga lango wakimkataa mwalimu mkuu mpya, wakidai shule ni ya kanisa lao. Ukizisikiliza kelele hizo kwa makini, nyingi zinatoka sehemu moja: watu hawajui nani humchagua nani, wala aliyechaguliwa amepewa kazi gani. Tuanze chini, mahali mzazi mwenyewe anaposimama, kisha tupande.

Majina ya zamani bado yapo mdomoni

Wengi wetu bado tunasema PTA (chama cha wazazi na walimu) na BOG (bodi ya magavana). Hayo ni majina ya enzi ya Sheria ya Elimu ya 1968. Sheria inayotumika leo ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na ndani yake kuna vyombo viwili ambavyo mzazi lazima avitenganishe kabla ya jambo lingine lolote.

Cha kwanza ni Chama cha Wazazi, ambacho shuleni huitwa PA. Wanachama wake ni wazazi wote wenye watoto katika shule hiyo, pamoja na mwakilishi wa walimu. Hakuna kadi wala ada ya kiingilio. Mtoto wako akishapokelewa, wewe ni mwanachama. Na sheria inaposema "mzazi" haimaanishi baba na mama waliomzaa pekee; mlezi naye ni mzazi, na vilevile mtu yeyote mwenye jukumu la kisheria la kumtunza mtoto. Nyanya anayewalea wajukuu wake ana haki ya kuinua mkono sawasawa na yule mzazi aliyekuja na gari lake. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona nyanya wakiambiwa wangoje "wenye watoto" wamalize.

Cha pili ni Bodi ya Usimamizi, BOM. Hiki ni chombo kidogo, na ndicho ambacho sheria imekikabidhi uendeshaji wa shule.

Fikiria chama cha akiba mtaani. Wanachama 40 hukutana, hujadiliana, hupendekeza. Lakini funguo za sanduku huwa mikononi mwa wachache. PA ni ule mkutano wa wanachama wote, na BOM ndio washika funguo. Mfano huu unafaa kwa kuanzia, ila una upungufu mmoja mkubwa: katika chama cha akiba washika funguo wote hutoka kwenu. Katika bodi ya shule sivyo.

Viti 13, vya wazazi sita

Kifungu cha 56 cha sheria hiyo kinaigawa bodi hivi. Watu sita huchaguliwa kuwakilisha wazazi wa shule, au jamii ya mahali pale ikiwa ni shule ya sekondari ya kaunti. Walimu wa shule humchagua mwenzao mmoja. Mdhamini wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa, hupata viti vitatu. Bodi ya Elimu ya Kaunti, chombo kinachosimamia elimu katika kaunti, hupendekeza mtu mmoja. Kisha kuna mmoja wa makundi maalum katika jamii na mmoja wa watu wenye mahitaji maalum. Jumla yao ni 13. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi huketi nao kwa wadhifa wake, mwalimu mkuu ndiye katibu, na bodi inaweza kuongeza watu wasiozidi watatu kwa ajili ya ujuzi wao, tuseme mtu anayejua hesabu au ujenzi.

Hesabu hiyo ina maana kubwa. Sita kati ya 13 hawafikii nusu. Wazazi ndio kundi kubwa kuliko yote mezani, lakini hao sita peke yao hawawezi kupitisha jambo; lazima wamshawishi angalau mtu mmoja wa upande mwingine. Mmoja wao akikosa kuhudhuria, au akifika akiwa hajasoma ajenda, sauti ya wazazi inapungua papo hapo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgombea si kama ni mtu mzuri, maana wengi ni watu wazuri. Swali ni kama atahudhuria, kama atasoma makaratasi, na kama anaweza kusema "hapana" mbele ya watu anaowaheshimu.

Uchaguzi kwanza, uteuzi baadaye

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Sheria inasema wawakilishi wa wazazi *huchaguliwa*. Sheria hiyo hiyo inasema wanachama wa bodi *huteuliwa* na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mtu akisoma haraka ataona kama maneno mawili yanayopingana, na wapo wanaotumia mwanya huo kuwaambia wazazi kwamba kura yao ni mapendekezo tu.

Chukua timu ya kandanda ya kijiji. Kijiji ndicho kinachochagua wachezaji wake. Lakini hawawezi kuingia uwanjani kwenye ligi mpaka majina yao yaandikishwe na wasimamizi wa ligi. Wasimamizi wana kazi yao: wanakagua vitambulisho, wanahakikisha mchezaji hachezei timu mbili, wanatoa kadi. Kazi yao si kumtoa mshambuliaji wenu na kumweka mpwa wao.

Bodi ya Elimu ya Kaunti ni kama wasimamizi hao wa ligi. Inaangalia kwamba kila kundi limewakilishwa, na kwamba kanuni ya Katiba imefuatwa, ile isemayo chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Kisha inatoa barua za uteuzi. Viti sita vya wazazi, kwa maandishi ya sheria, ni vya watu waliochaguliwa. Jina ambalo halikupigiwa kura na mtu yeyote likionekana kwenye viti hivyo, wazazi wana haki ya kuuliza lilitoka wapi.

Wataulizaje, ikiwa hawana ushahidi? Ndio maana yale makofi ya saa nane na nusu yananisumbua. Makofi hayahesabiki. Mikono iliyoinuliwa huhesabika, karatasi huhesabika. Uchaguzi wenye kumbukumbu huwa na orodha ya waliohudhuria, majina ya wagombea wote, idadi ya kura za kila mmoja, na sahihi za walioshuhudia. Karatasi hiyo moja ndiyo daraja kati ya uchaguzi wenu na uteuzi wa kaunti. Ikikosekana, mtu yeyote aliye katikati ya njia anaweza kuandika anachotaka, na nyinyi mtabaki na "lakini tulikuwa pale".

Baada ya mkutano pia kuna njia. Katiba, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Barua fupi yenye adabu, ikiomba nakala ya kumbukumbu za uchaguzi na orodha ya walioteuliwa, haihitaji wakili. Iandike, itie tarehe, ubaki na nakala.

Ngazi inayopuuzwa

Kwenye mkutano wa mwaka kuna uchaguzi mwingine unaochanganywa na ule wa bodi, na nina hakika ndio uliomtatiza yule mama. PA ina kamati yake tendaji: wawakilishi wa kila darasa pamoja na walimu wawili. Hao huchaguliwa na wazazi na walimu katika mkutano mkuu wa mwaka. Kamati hiyo humchagua mwenyekiti wake, na mwenyekiti huyo pamoja na wenzake wawili huingizwa kwenye Bodi ya Usimamizi.

Kwa hiyo mzazi anayechaguliwa kuwa mwakilishi wa darasa la nne, kazi ambayo wengi huikwepa kwa kuinamia simu zao, ameshakanyaga ngazi ya kwanza ya kuelekea bodini. Watu hungoja nafasi kubwa zitangazwe, wakati mlango wa chini uko wazi na hauna foleni. Wazazi 45 wa darasa moja wanaojuana, wanaoweza kuulizana kwa simu, wana nafasi ya kumchagua mtu wanayemfahamu kweli. Katika umati wa wazazi 600 uwanjani, hushinda mwenye sauti kubwa au mwenye jina.

Shule za bweni zina ugumu wake. Shule ya kitaifa huchukua wanafunzi kutoka kaunti zote, kwa hiyo mzazi wa Mombasa mwenye mtoto Kakamega atasafiri usiku kucha ili ahudhurie mkutano wa nusu siku. Wengi hawawezi. Matokeo yake wawakilishi hutoka kwa wenye nauli na wenye ruhusa kazini. Shule zinazojali hutangaza tarehe ya uchaguzi mapema, zikaiweka siku ya kuwatembelea watoto, mzazi akatimiza mawili kwa nauli moja. Si hisani, ni namna ya kuwafanya wenye haki waweze kuitumia.

Bodi ina mamlaka gani hasa?

Wapo wanaodhani bodi ni watu wa kunywa chai na kutia sahihi. Sheria inasema vingine. Bodi husimamia rasilimali za shule, hupokea fedha na kuzitolea hesabu, huhakikisha kuna madarasa na vyoo vya kutosha, huamua kesi za nidhamu za wanafunzi, huajiri wafanyakazi wasio walimu kama wapishi na walinzi, na huandaa ripoti ya kina kila muhula kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Ni bodi pia inayowaajiri wale walimu wa kujazia pengo, ambao wanafunzi huwaita "walimu wa BOM".

Tuutazame upande wa fedha, maana ndipo uzito wa kura unapoonekana. Kiwango cha serikali kwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya kutwa kiliwekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 500 ingehesabiwa Sh11,122,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu, ambayo ndiyo muhula wa mwanachama wa bodi, hiyo ni zaidi ya Sh33 milioni. Si zote huingia kwenye akaunti ya shule, na mara nyingi huchelewa, kama kila mwalimu mkuu atakavyokueleza. Hata hivyo ni fedha nyingi kupita zile ambazo wengi wetu tutawahi kuombwa tuzisimamie. Tungekuwa tunachagua mweka hazina wa harusi tungeulizana maswali kwa wiki nzima. Kwa bodi ya shule tunapiga makofi.

Na michango ya ziada? Hapa kila mmoja ana sehemu yake. PA hujadili na kupendekeza. Bodi hulichukua pendekezo. Lakini kifungu cha 29 kinasema shule ya umma haiwezi kutoza malipo ya ziada bila idhini ya Waziri wa Elimu, baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na kwamba hakuna mtoto atakayenyimwa masomo kwa kuwa mzazi wake hajalipa malipo hayo. Risiti rasmi ni lazima. Kwa hiyo anayekuambia "wazazi walipitisha, lipa au mtoto akae nyumbani" amesimama kwenye hatua ya kwanza ya safari ndefu, akiiita mwisho. Kupitisha kwa wazazi ni pendekezo. Mtoto hafukuzwi kwa pendekezo.

Mambo yanayosemwa sana na si kweli

"Bodi inaweza kumfukuza mwalimu mkuu." Haiwezi. Kifungu cha 237 cha Katiba kimeipa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kazi ya kuajiri walimu, kuwahamisha, kuwaadhibu na kuwaachisha kazi. Fikiria gari la matatu: abiria na kamati yao wanaweza kuandika kwamba dereva anaendesha vibaya, na wana wajibu wa kuandika, lakini aliyemwajiri dereva ndiye mwenye kumwondoa. Malalamiko yenye tarehe, majina na ushahidi yakipelekwa TSC yana nguvu kuliko lango lililofungwa kwa minyororo, na hayawapotezei watoto siku za masomo.

"Shule ni ya mdhamini." Historia ya dhana hii inaeleweka. Wamishonari walianzisha shule nyingi, na ardhi ya baadhi yake bado ina jina la kanisa. Lakini tangu Sheria ya Elimu ya 1968, usimamizi wa shule hizo ulihamia serikalini na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Sheria ya 2013 inampa mdhamini nafasi ya heshima: viti vitatu bodini, ushauri wa mambo ya kiroho, na wajibu wa kusaidia kwa fedha na majengo. Katika shule za umma zinazodhaminiwa na mashirika ya kidini, mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti kwa kushauriana na mdhamini. Kushauriana si kuamuru. Na tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili: kumpuuza mdhamini kabisa, kana kwamba hakuweka jiwe la kwanza, ni kuvunja sheria vilevile.

"Majina hutoka kwa mbunge." Ukiisoma orodha ya viti 13 utaona hakuna kiti cha mbunge wala cha mwakilishi wa wadi. Mbunge anaweza kujenga madarasa kupitia hazina ya maendeleo ya eneobunge, na tumshukuru akifanya hivyo. Darasa jipya halinunui kiti.

"Elimu ni ya bure, kwa hiyo mzazi hana la kusema." Huu ndio uongo unaoniuma zaidi, kwa sababu huwafanya wazazi maskini wakae kimya. Elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima ni haki ya mtoto chini ya kifungu cha 53 cha Katiba. Kiti cha mzazi bodini hakikuwekwa kwa sababu analipa. Kiliwekwa kwa sababu ni mtoto wake.

Mahali panapohitaji jicho zaidi sasa

Tangu 2023, wanafunzi wa gredi ya 7 walipoanza masomo yao ya sekondari ya msingi (gredi ya 7 hadi ya 9) katika shule za msingi, uwanja mmoja una mtoto wa miaka minne anayelilia mama na kijana wa miaka 15 anayehitaji maabara. Mahitaji yao hayafanani. Hata fedha zao hazifanani: kiwango cha serikali kiliwekwa kuwa Sh1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na Sh15,042 kwa wa sekondari ya msingi. Wazazi wa madarasa ya juu wakilala siku ya uchaguzi, hakutakuwa na mtu mezani wa kuuliza vifaa vya sayansi viko wapi. Wa madarasa ya chini wakilala, choo cha wadogo kitangoja. Kama shule yenu iko hivi, hakikisheni ngazi zote zina mtu kati ya wale sita.

Kabla ya mkutano ujao

Omba ajenda mapema, kisha utazame uchaguzi umewekwa wapi. Ukiwa mwisho, simama mkutano unapofunguliwa na upendekeze uwe jambo la kwanza. Hilo pekee hubadilisha mengi, kwa sababu watu bado wapo na hawajachoka. Uliza kwa sauti, ili wote wasikie: je, tunachagua kamati ya PA au wawakilishi wa wazazi katika bodi? Ni nafasi ngapi? Waliopo walianza lini, na miaka yao mitatu inaisha lini? Kisha wagombea wasimame mmoja mmoja, waseme mtoto wao yuko darasa gani na watawaletea wazazi habari za bodi kwa njia ipi. Dakika mbili kila mmoja zinatosha.

Kura zikishahesabiwa, ombeni matokeo yaandikwe pale pale, kabla ya sala ya kufunga, na angalau wazazi watatu watie sahihi. Nendeni na simu zenu karibu na meza mkaipige picha karatasi hiyo. Barua za uteuzi zitakapotoka kaunti, fungua picha yako na uyalinganishe majina, moja baada ya jingine, hadi la sita.